Ilie Buruji, Usilie Wewe

Kwako Mama,

Nakusalimu nikiamini goti limepungua kuuma na mvua imefika Mwatate. Mimi mwili ni mzima. Kichwa ndicho sikielewi.

Ulidhani mwenye diploma ya muziki angejifunza buruji kwa wiki moja. Nami nilidhani hivyo. Kumbe ni bomba la shaba tu lisilo na pa kubonyeza; noti zote zinatoka midomoni. Siku ya kwanza nilitoa sauti ya ng'ombe mgonjwa. Achieng, mwenzangu katika bendi ya jeshi, akacheka: "Msomi, hii kitu haina batani. Sasa utafinya nini?"

Jumamosi tulikwenda Uthiru kumzika koplo mmoja. Kwa mara ya kwanza nilipewa kupiga peke yangu ule mlio wa kumuaga askari kaburini. Sajini anayetufundisha alikuwa amenionya: "Ilie buruji, usilie wewe. Ukilia midomo inatetemeka, sauti inakatika." Nikakazia macho paa la jirani ili nisiwaone watoto wa marehemu. Karibu na mwisho, noti ya juu ikakatika. Kila mtu alisikia.

Baadaye mjane akanishika mikono. "Umelia vizuri, mami," akasema.

Nimekaa na maneno hayo tangu siku ile. Alimaanisha buruji, au mimi? Nilijigusa mashavu, yalikuwa makavu.

Kisha Sajini akaniita. "Midomo ilichoka, au ulilia?"

Nililielewa swali. Aliyechoka anaongezewa mazoezi. Aliyelia anaondolewa maziko, anarudishwa kwenye ala aliyosomea, kwangu klarineti, na buruji anapewa mwingine. Ningesema nimechoka angeniamini.

"Sijui, Afande."

"Hujui kama ulilia?"

"Sijui, Afande."

Akaangalia ratiba. "Basi. Alhamisi kuna maziko mengine, utapiga wewe. Tutajua sote wawili."

Mama, sijui kama ameniadhibu au ameniamini. Naitaka buruji hii kuliko chochote nilichowahi kusomea, na sijui kama inamfaa mtu anayeguswa au asiyeguswa. Wewe umeimba kwenye matanga na kwaya miaka yote. Huzuni ulikuwa unaiweka wapi ukiimba? Nijibu kabla ya Alhamisi, hata kwa mstari mmoja kwenye simu. Na ukiniombea, usiombe nisilie. Omba noti ya juu ifike, nikilia au nisipolia.

Msalimie shangazi wa dukani, na babu, umwambie kikohozi akipeleke hospitali badala ya kubishana nacho. Mdogo wangu wa kidato cha pili mwambie sitamcheka tena sauti yake ikipasuka katikati ya sentensi.

Ni mimi mwanao, midomo imevimba lakini ninakula,

Mkawasi