Pete za mpingo na waya wa mlangoni

Jumapili. Tangu alfajiri mawingu yanajikusanya juu ya Nachingwea halafu yanatawanyika bila kutuachia hata tone. Joto halina adabu. Miguu inaniuma, sauti imekauka, nywele zimejaa vumbi jekundu la barabara ya Ruangwa, na nina furaha ya kijinga kabisa.

Leo najisifu. Asiyetaka kusoma majivuno aishie hapa.

Kwa mgeni wa blogu hii: naitwa Restituta, kazi yangu kufunga mziki. Spika, mikisa, maiki, nyaya. Huku kwetu korosho zikishauzwa, kila Jumamosi ni harusi, na mimi nyumbani hunikuti. Ila ya jana ilikuwa yetu wenyewe. Mdogo wangu Konsolata kaolewa, na sherehe ilikuwa Ruangwa, kwao bwana harusi.

Bibi harusi hakunipa wasiwasi hata kidogo. Wasiwasi wangu wote ulikuwa Mama.

Mama alivunjika nyonga shambani Nambambo. Ilipona, lakini mguu wa kushoto haunyanyuki, anauburuta. Tangu hapo anatembea macho chini, kila hatua, kama mtu aliyedondosha sindano. Na desturi zetu mnazijua. Mama wa bibi harusi haingii ukumbini kimyakimya. Wanawake wa upande wa pili wanamtandikia kanga sakafuni kuanzia mlangoni, naye anaingia akicheza juu yake, vigelegele mpaka bati linalia. Mama akaniambia yeye hataingia hivyo. Atafika mapema, akae kwenye kiti chake, yaishe.

"Nikianguka mbele ya wakwe," alisema, "Konsolata atasimangwa mpaka azeeke."

Alisema akicheka. Mimi sikucheka, maana ukumbi nilikuwa nimeshauona. Soketi zote ziko ukuta mmoja, meza ya mziki inakaa ng'ambo ya pili, na mlango mkuu uko katikati. Juu wapambaji wanajaza vitambaa vyao, hawataki kuona waya. Kwa hiyo waya lazima ukatize palepale mlangoni, chini ya kanga, pasipoonekana. Mwenye miguu mizima atapita bila kujua. Mguu wa kuburuta utanasa.

Nikamwapia Mama kwamba waya ni kazi yangu, yeye aingie akicheza kama mama yeyote. Halafu nikaenda chumbani nikaanza kujiuliza nitafanyaje.

Kubandika waya kwa mkono nimebandika miaka yote. Unapiga magoti, tepu inajikunja, pembeni inashika na katikati inabaki imevimba. Kidole cha mguu kinapenda sana pale palipovimba.

Sasa, stoo nilikuwa na kigari. Kilikuja ndani ya boksi la vyombo chakavu kutoka Dar, mwenye nacho hata hakujua ni cha nini. Kina mpini mrefu kama wa fagio. Tepu unaivalisha kwenye bomba lake, waya unapita kwenye mfereji chini, nyuma yake kuna rola ya kukandamiza. Unasukuma tu umesimama, kinakuachia waya umefunikwa na umelala. Kizuri! Tatizo, kimetengenezwa kwa tepu pana kama kiganja. Tepu ya kitambaa inayouzwa hapa mjini ni ya vidole vitatu. Ukiivalisha mle inacheza kushoto na kulia, tepu inakwenda zake na waya unakwenda zake.

Nikasema lazima kipate adapta, kitu cha kujazia ile nafasi.

Nilianza na kandambili. Nilikata soli nikatoa pete mbili, moja kila upande wa tepu, ziibane ikae katikati. Zikashika vizuri mno, tepu ikagoma kuzunguka. Nikajaribu magunzi ya mahindi. Usicheke. Yalizunguka vizuri mpaka yaliposagika.

Nikaenda kwa Mjomba Kasiani, kaka yake Mama, mchonga vinyago. Nilipomwambia nataka adapta, akanionyesha chaja ya simu. Nikamwonyesha pete nilizokata kwa karatasi ngumu, nikamweleza habari ya mguu wa dada yake. Kisha akasema mpingo ni wa kuchongea vinyago, hauchongewi vidude vya mashine, na huku anasema hivyo mkono wake tayari unachambua vipande.

Alinitolea pete mbili nyeusi, nzito. Mimi nikazipiga msasa mpaka zikawa zinateleza bila kulegea. Ule mfereji nao ulikuwa mpana kwa waya wetu, nikaupunguza kwa kipande cha bomba la maji nilichokipasua kwa urefu. Nikajaribu sebuleni kwangu. Kigari kilinyoosha waya kutoka mlangoni hadi kwenye kabati, tepu katikati, hakuna pa kuingiza ukucha. Nilipiga kigelegele peke yangu kama chizi.

Jana asubuhi tukapakia vyombo kwenye kirikuu, tukaenda Ruangwa nikiwa na kiburi cha jogoo.

Nafungua mlango wa ukumbi, lahaula! Sakafu inang'aa kama kioo. Shangazi wa bwana harusi na wenzake wameamka wakaipaka dawa nyekundu ya sakafu, ile ya kusugulia na gunia, ukumbi mzima. Heshima ya wakwe hiyo. Nikapitisha kigari. Tepu ikalala vizuri, nikaigusa kwa kidole, ikainuka yote kama ganda la ndizi. Hakuna tepu duniani inayoshika juu ya mafuta.

Nilikaa chini. Nasema kweli, machozi yalinilengalenga.

Halafu nikainuka nikaomba ndoo, sabuni ya unga na brashi. Nikaanza kusugua njia ya waya, upana wa mkono, kutoka ukuta hadi ukuta. Shangazi akanijia amejishika kiuno.

"We binti, unatutolea mng'aro wetu? Wakwe watasema tumedeki nusu!"

Shangazi yule si mtu wa kubishana naye. Nikamwambia tu: anayekuja kukanyaga hapa ni mama yangu, mguu wake hauinuki. Akanitazama. Akauliza kama ni yule mama aliyevunjika nyonga. Kumbe anajua, wakwe wanajua kila kitu! Akafungua kanga ya kiunoni, akapiga magoti, akaanza kukausha nyuma yangu. Wenzake wakafuata, huku wananisema kwamba najua kusugua vibaya.

Pakakauka kabisa. Nikavalisha tepu, nikakaza pete za mpingo, nikasukuma. Safari hii nilivuta kwa nguvu kujaribu. Haikutoka.

Mama akaja saa ya watu kujaa. Nilikuwa kwenye mikisa, mkono kwenye sauti, macho mlangoni. Kanga zikatandikwa. MC akaita mama wa bibi harusi, nikaupandisha mziki, na Mama akaanza. Akitazama chini. Bega moja, bega la pili, mguu wa kulia, wa kushoto nyuma yake unaburuta kanga. Akafika kwenye waya. Mguu ukafika, ukapanda, ukashuka, ukaendelea na safari. Vigelegele! Nilimsahau MC, maiki yake ikapiga mluzi ukumbi mzima. Potelea mbali.

Najua mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi tembo langu la jana halikuwa na tone la maji.

Kanga zilipokunjwa, Mama akaniita kwenye kiti chake.

"Ule waya wa mlangoni umeupeleka wapi?"

"Upo palepale, Mama. Umeshaupita."

"Muongo mkubwa wewe."

Akainuka. Kabla sijamshika mkono alikuwa keshaondoka kwenda kuwasalimu wakwe upande wa pili, kupita palepale mlangoni, sakafu tupu, bila kanga. Anaongea, anapunga mkono, anamcheka mtu fulani. Mguu unaburuta, ukapita juu ya tepu yangu kama haipo.

Hakutazama chini hata mara moja.

Sasa naandika haya na pete za mpingo ziko mezani mbele yangu, zina rangi nyekundu ya ile dawa pembeni. Nje uani Mama anamsimulia jirani harusi ilivyokuwa. Nimemsikia kwa masikio yangu anasema Restituta alikuwa na akili, aliuondoa waya wote mlangoni, mziki ukapiga bila waya.

Nitoke nimsahihishe?

Thubutu. Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa, na siirudishi.