Goti la Mama Koku

Jumatano, Bukoba. Mvua haijakatika tangu asubuhi, na mimi nimechoka mwili na roho.

Kazi yangu ni kusoma kwa darubini vipande vya nyama vinavyokatwa kutoka kwa wagonjwa. Majirani hapa Nshambya wananiita daktari wa maiti, nami nimezoea. Wiki iliyopita nililetewa kipande kutoka ndani ya goti la Mama Koku, mkulima wa Muleba. Nilikisoma mara mbili. Ni kifua kikuu, kimeingia kwenye goti. Asipofungwa plasta na kuchomwa sindano, mguu ule utakuja kukatwa.

Lakini kwenye kikao chetu daktari wa upasuaji, mtu wa Tanga, alisema goti linapona. Kila asubuhi akipita wodini, mama yule anashuka kitandani, anapiga magoti na kumwamkia. Goti bovu lingekunjikaje hivyo? Akaandika aruhusiwe Jumamosi, maana mwenyekiti wa kijiji chao cha ujamaa ameshaleta barua kuuliza atarudi lini shambani.

Nikalikunja jibu la kipimo changu, nikalirudisha mfukoni.

Nilijiambia labda vipande vilichanganywa. Mwenzangu anamwona mgonjwa, mimi naona kioo tu. Na mimi ni Mhaya kama mama yule, jamani! Mama yangu mzazi alimpigia magoti baba mkwe wake hata siku alizokuwa na homa kali. Wa kwanza kujua kwamba kupiga magoti si dalili ya kupona nilipaswa kuwa mimi.

Leo muuguzi Yustina alileta makohozi ya kupima. Akiwa mlangoni akasema, "Daktari, yule mama wa goti, madaktari wakishapita tu, anajifunika shuka analia."

Niliacha kila kitu nikaenda wodini. Aliponiona akaanza kushusha miguu.

"Usipige magoti!"

Nilipaza sauti kuliko nilivyotaka. Wodi nzima ikageuka. Akabaki ameshika ukingo wa kitanda, goti limevimba, machozi yanamlenga.

"Nimekukosea nini, waitu?" akauliza, kwa neno letu Wahaya la heshima.

Nikamrudishia miguu kitandani. Siku saba amelikunja goti lile mbele ya madaktari kwa heshima, na mimi nilijua kilichomo ndani yake. Niliogopa kubishana na mwenzangu, basi. Naona aibu hata kuandika haya.

Kesho kikaoni nitaomba afungwe plasta na aanze sindano siku hiyo hiyo. Sijui kama goti bado litaokoka. Kisha nitakwenda kitandani kwake, nimwambie kwamba aliyekosa ni mimi.