Nilisikia Pima

Chebet wangu, chamgei, habari yako? Sisi hapa Merigi tuko salama, ng'ombe imezaa, na yule mama jirani amegombana tena na kwaya. Ukikuja nitakuambia yote.

Unauliza kama ni aibu kurudi benki kuuliza kitu ulishasaini. Mimi nilirudi, miaka ya tisini, tukiwa tumekopa ya kununua ng'ombe. Karani alikuwa amesema, "Mama, na kuna ya bima." Nikasikia pima. Nikamwambia sawa, mkuje mpime shamba. Nikangoja, hata kukaa chini siwezi, kila saa nachungulia barabara. Hakuna mtu alikuja, na pesa ya majani yangu ya chai inakatwa tu.

Nikaenda benki huko Bomet.

"Bima inalipa mkopo ukifutwa kazi," karani akasema.

"Nachuna chai yangu mwenyewe. Sasa nani atanifuta, ng'ombe?"

Laini yote ya watu ikacheka. Lakini sikutoka. Meneja akakuja, akasikiliza, akasema, "Mama, hii haikuwa ya watu kama nyinyi. Tutakurudishia."

Nikigeuka kwenda, wale wenye walikuwa wanacheka sasa wanamuuliza karani kama na wao wanakatwa.

Basi enda uulize.

Ni mimi nyanya yako, kogo.