Sijaandikwa, Mama

Riruta, Nairobi

Kwa mama yangu mpendwa,

Hujambo, mama? Magoti yamepoa, au bado yanakusumbua ukipanda kwenda kanisani? Na macho je? Najua maandishi haya huyaoni, ndiyo maana nimeyatuma pamoja na wa kuyasoma. Sisi huku hatujambo. Neema ameng'oka meno mawili ya mbele na kila mgeni lazima aonyeshwe pengo. Baraka anakula kuliko baba yake. Baba yake naye, Protus wako, bado anashinda juu ya ngazi za watu akiunganisha nyaya za stima. Joto la kiangazi hiki limezidi. Maji yanafika kwenye ploti yetu ya wapangaji mara mbili kwa wiki, na siku hizo hakuna mwanamke anayeketi.

Anayekusomea ni mkwe wako, mama yake Protus, ambaye watoto wangu wanamwita Kukhu na mimi namwita mama kama ninavyokuita wewe. Nilimwuliza kama ataweza kusoma barua ambayo yeye mwenyewe yumo. Akanijibu, "We andika yote. Nitasoma yote, hata pahali umenitukana." Sijamtukana. Lakini ukisikia akikohoa au akiomba chai, ujue amefika mahali pagumu, umngojee.

Sasa niliseme jambo lenyewe kabla sijapoteza ujasiri. Ile kazi uliyomshukuru Mungu kwa ajili yake haipo. Sijaandikwa, mama. Sikuwahi kuandikwa.

Simu ndiyo iliyotuponza. Siku ile ya Desemba nilikupigia nikiwa Kilimani, nje ya ofisi ya watu wanaochapisha vitabu. Unakumbuka nilikuwa nikikuambia kwamba nina hadithi ninayoiandika, nawe ukawa unanijibu "vizuri, mwanangu" kwa sauti ile ya mtu anayepepeta mahindi? Hadithi hiyo ilikuwa imekwisha. Nilikuambia, "Mama, nimeandika kitabu, na wamekubali kukisoma." Laini ilikuwa ikikatikakatika. Wewe ukasikia nimeandikwa, na wamekubali. Tofauti ni herufi moja, na kwetu mtu akisema ameandikwa, hakuna anayeuliza zaidi, anaulizwa tu ataanza lini.

Ukapiga kigelegele. Mimi nikadhani unakishangilia kitabu, nikalia pale barabarani mpaka mlinzi wa lango akaniuliza kama nimefiwa. Kufikia Jumapili ulikuwa umesimama mbele ya akina mama wa kanisa na kutoa jogoo wa shukrani. Dada yangu Nafula aliponieleza, jogoo alikuwa ameshaliwa na mchungaji. Ningekurekebisha siku hiyo hiyo. Lakini kwanza niliona haya kwa ajili yako. Kisha, mama, nikaumia kwa ajili yangu, kwa sababu hujawahi kufurahia jambo langu lolote kama ulivyofurahia hilo ambalo halikuwa kweli. Nikajiambia nitakueleza wiki ijayo.

Habari haikungoja wiki ijayo. Ilitoka kwetu Kimilili ikafika Chwele kwa akina Protus, na katikati ya Januari nikasikia hodi langoni. Mkwe wako huyo hapo, na gunia la maharagwe, mbegu za kunde na mrenda zimefungwa kwenye kitambaa, na leso mbili za kazi. Hata maji hakuwa amekunywa. "Nimesikia walikuandika kazi," akasema. "Sasa hii nyumba itabaki na nani? Nitakaa na nyinyi mpaka mvua ikaribie, halafu nirudi nipande mahindi yangu."

Lazima uelewe nilikuwa katika hali gani. Mhariri wa kule Kilimani, mama mmoja mpole ambaye huvua miwani akitaka kukuambia jambo baya, alikuwa amevua miwani. Alisema watu wangu wa kitabuni wanazungumza vizuri, lakini hawakanyagi chini. Haoni wanaishije. Nikirekebishe kitabu chote na kukirudisha kabla ya Februari kwisha, la sivyo kitangoja mwaka mwingine. Na mimi nilikuwa naandika namna gani? Nilikuwa naanza sentensi nikifua, naimalizia sufuria ikinuka. Niliunguza maharagwe mara tatu katika wiki moja. Nilisahau sukuma wiki zangu, zile nilizopanda kwenye magunia kando ya ukuta, zikalala chini zote kwa jua, na mwenye ploti akaniuliza kama nimehama. Siku moja nilimwita Neema kwa jina la msichana wa kwenye kitabu. Akaitika, maskini, akidhani ndilo jina lake la shule.

Kwa hiyo mama mkwe aliposema vile nilifungua kinywa nimweleze ukweli. Lakini alikuwa ameshavua viatu, amejifunga leso, ameshika ufagio. Nikafunga kinywa. Ndivyo nilivyomdanganya, mama, kwa kunyamaza tu, na asubuhi iliyofuata nikavaa ile sketi yangu ya kanisani na kwenda kazini.

Kazini kwenyewe kulikuwa Kenyatta Market. Nina rafiki pale, Mama Vivian, mwenye kibanda cha kusuka nywele. Alinipa pembe moja karibu na dirisha, kiti cha plastiki, na mahali pa kuchomeka kompyuta yangu, ambayo betri yake ilikufa zamani. Kila nikifika ananiuliza, "Sasa, author? Leo unaua nani?" Wasusi wenzake wakawa wananipigia kura nani aolewe na nani. Moshi wa nyama choma unaingia, redio inapiga kelele, wateja wanasimulia mambo ya waume zao, nami naandika kuliko nilivyowahi kuandika nyumbani kwangu kwenye kimya.

Kila asubuhi mama mkwe alinifungia chakula kwenye bakuli. Kunde, au mrenda aliouchemsha kwa maji ya majivu ya maganda ya maharagwe kama unavyofanya wewe, na kipande cha ugali. Alikuwa akisema mtu wa ofisi hawezi kuishi kwa mandazi. Jioni nakuta nguo zimekunjwa, watoto wameoga, sukuma zimesimama tena kwa sababu alikuwa akizimwagilia maji ya kuoshea mboga. Kisha ananiuliza, "Bosi wako alikuwa aje leo?" Nami najibu, "Si mbaya." Protus alikuwa akijua kila kitu. Nilipomwomba anisaidie kumwambia mama yake, akasema, "Hiyo ni mambo yako na mathe. Mimi niko na stima za watu." Akachukua ngazi yake akaenda. Kwa wiki tatu nilikila chakula kile chote, na kila asubuhi nikavaa tena ile sketi.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumatano moja jirani yetu alimwambia mama mkwe kwamba nyama ya Kenyatta Market haina mfano, naye akataka kumnunulia Protus. Wakapita kwenye mstari wa vibanda vya nywele, wasusi wakaanza kumwita, "Mathe, kuja nikusuke, kuja kiti iko free." Akageuka kuwakatalia kwa heshima. Akaniona. Nilikuwa nimevua viatu, daftari liko magotini, na bakuli lake liko wazi pembeni yangu.

Alinitazama, akaitazama kompyuta, akawatazama wasusi. "Kumbe ni hapa walikuandika?" akauliza. "Kusuka?"

Mama, mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningesema ndiyo, na Mama Vivian angenitetea, na leo ungekuwa na binti msusi. Nilikuwa na nusu ya kitabu tu mkononi na Februari imeshaanza. Lakini alikuwa ameniuliza bila hasira, kama mtu aliye tayari kuniamini tena, na hilo sikuliweza.

"Hapana, mama," nikasema. "Sijaandikwa mahali popote. Naandika kitabu. Nilikuacha uamini."

Akaketi kwenye kiti cha wateja. Kisha akasema, "Na hii chakula nilikuwa nafunga asubuhi, nilikuwa nafungia nani?" Akainuka, akanunua nyama yake, akarudi nyumbani.

Siku mbili hakuninenea neno. Kupika alipika, kufua alifua, ila bakuli la asubuhi halikuwepo mezani. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nikawa nangoja mshindo. Sikwenda popote. Nilifagia mahali alipokwisha kufagia, nikang'oa magugu yasiyokuwepo. Niliamua kwamba akienda na hasira yake, kitabu nacho kiende, kwa maana nitakisomaje nikijua kimemla mtu?

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, alikuwa ameketi mlangoni na ungo akichambua maharagwe. Akasema bila kuinua kichwa, "Leta hicho kitabu. Soma." Nikasoma. Nilisoma sura nne mpaka sauti ikakauka, naye anachambua tu. Nilipomaliza akatupa kijiwe uani.

"Ni hadithi nzuri," akasema. "Lakini hawa watu yako hawajakula."

"Wamekula, mama. Pale sura ya pili wako mezani."

"Wako mezani. Chakula ilitoka wapi? Nani alipika? Nani aliosha sufuria? Tangu uanze kusoma sijaona mtu amechota maji. Msichana analia, analia, na nguo yake iko safi kila siku." Akachambua tena kidogo. "Mimi nimepika tangu niolewe. Hakuna mtu ameniandika."

Mpaka leo sijui alikusudia kuandika gani, kule kwa kazi au kule kwa kitabu, na sikumwuliza.

Asubuhi iliyofuata bakuli lilikuwa mezani. "Enda kazini," akaniambia. Nikaenda, lakini kwa nusu siku tu. Alfajiri nilikuwa naamka naye, nachota maji naye, namwagilia magunia, naweka maharagwe jikoni kwa utaratibu wake, yaani moto mdogo na mfuniko usiobana, ili yakuruhusu kufanya jambo lingine. Nilikuwa nimeolewa miaka tisa na hakuna aliyenifundisha hilo. Mchana nilikwenda kwa Mama Vivian na kuwapa watu wangu sufuria, mitungi, magugu na sabuni. Nilimtoa bwana mmoja mwenye maneno matamu, nikaweka mwanamke anayepika. Kitabu kikaanza kukanyaga chini. Nilikipeleka Kilimani siku ya mwisho ya Februari, sketi ikiwa na doa la mrenda. Bado hawajanijibu, na naogopa, mama. Kila simu ikilia naikimbilia na mikono yenye sabuni.

Jumapili iliyopita ilikuwa ya kumuaga. Katika kanisa letu hapa Riruta anayesafiri husimama na kusema neno. Mkwe wako akasimama. Mimi nikatazama viatu vyangu, kwa maana kila mtu pale alikuwa amesikia kwamba alikuja kwa sababu ya kazi yangu. Alisema hivi: "Nilikuja kwa sababu nilisikia bibi ya kijana yangu ameandikwa. Nimekaa naye. Hajaandikwa. Anaandika. Na hiyo ni kazi, nimeiona na macho yangu. Mumwombee." Akaketi. Protus akakohoa, nami nikatoka nje kutafuta maji ya kunywa ambayo sikuyahitaji.

Nakuomba nawe ufanye hivyo hivyo, mama. Simama mbele ya akina mama wenzako uwaambie ulisikia vibaya na binti yako akanyamaza. Aibu niwekee mimi, ni yangu. Najua nakuondolea furaha uliyoitembeza kijiji kizima, na nisamehe kwa hilo. Lakini ningependa unifurahie hata kidogo kwa hiki nilicho nacho, kuliko sana kwa kile nisicho nacho.

Nisalimie Nafula, umwambie aache kubeba habari kwa haraka hivyo. Mjomba mwenye duka umpe pole ya meno, na shangazi wa kanisani, yule anayeongoza nyimbo, mwambie kiti chake hapa kinamngoja. Neema na Baraka wanakushika mikono yote miwili. Protus anasema atakuja wakati wa kuvuna, akipata nafasi ya kushuka ngazi.

Na sasa, mama, nipe dakika moja niseme na huyo anayekusomea. Mama, kuna jambo nilishindwa kukuambia usoni. Kwetu mke hatamki jina la mama mkwe wake, na mimi sijalitamka hata mara moja tangu niolewe. Lakini kitabu nilichopeleka kina ukurasa wa kwanza wa kumtaja mtu ninayemtunukia, na kwenye kalamu sikuona mwiko. Sikuandika Mama Protus, wala Kukhu. Niliandika lile ulilopewa wewe mwenyewe siku uliyozaliwa katika kiangazi, kabla hujawa mke wala mama wa mtu. Usiliruke. Lisome kwa sauti, mama yangu asikie: Nasimiyu.

Ni mimi binti yenu nyote wawili,
Nekesa