Mgonjwa Asiyekataa cha Mgeni

Mama yangu,

Jana niliwachambulia wadogo zangu matembele nikakukumbuka ulivyokuwa ukiyala jikoni, mlango umerudishwa. Mboga ya shida, watu walisema, hapewi mgonjwa.

Lakini ndiyo aliyotuagiza daktari. Ulipoanza tena kuharisha damu nilikupeleka Kibiti, na yule daktari kijana wa bara akatueleza taratibu kwamba utumbo wako mpana una vidonda na umevimba, na uvimbe ule huzalisha sumu inayoula mwili kama kutu inavyokula bati. Umeze vidonge, ule mboga za majani zilizopikwa zikalainika, maboga, mapapai, maana vina kitu cha kusaidia kuizima sumu ile. Hakuahidi kwamba utapona. Ulipomuuliza kuhusu soda, akatikisa kichwa.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, maduka yamejaa, na nani angekuja kumjulia hali mgonjwa na fungu la mchicha? Walileta soda, biskuti, maandazi yanayochuruzika mafuta, wakakaa mkekani kukutazama mpaka ule. Shangazi alikufungulia chupa kwa meno yake mwenyewe. Nilipothubutu kumwambia daktari amekataza, ulinikata kauli.

"Mwanangu, mtu katoka Ngorongo kote huko kuja kunitazama. Nimrudishie chupa yake, nimwambie nini?"

Ukanywa, ukamshukuru, ukaisifu na kanga yake. Alipoondoka nilikushika kiuno kukupeleka uani, nikagusa mifupa mitupu.

Sijui kama mboga zingekuokoa. Vidonge navyo viliadimika, na ugonjwa wenyewe ulikuwa mkaidi. Ninachojua ni kwamba zile wiki chache ulizokula ulivyoagizwa, uliweza kukaa barazani ukanisuka nywele, ukinigombeza nitulize kichwa. Kutojua zaidi ya hapo kunanitafuna.

Msibani walikusifu sana. Kila aliyeingia alisema hukuwahi kumvunja mtu moyo, na wote wakaitikia. Mimi sikuitikia. Nina hasira, mama, na sina wa kumwonyesha, maana hakuna aliyekutakia mabaya. Afadhali kijiji chetu kizima cha Mtunda kingekuita mwenye kiburi, shangazi akaondoka amenuna asirudi tena kwetu, nawe ukawepo.

Pumzika sasa. Huko uliko hakuna mgeni wa kumridhisha.

Mwanao,
kifungua mimba wako