Kanda za Wauguzi Hazitoki

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limepunguza ukaidi. Msalimie shemeji. Mimi sijambo, ila nyumba imekuwa kubwa tangu mama atutoke. Bado najikuta natoa vikombe viwili.

Kazini kumewaka moto. Kampuni moja imetaka kunakili kanda zote za sauti za hifadhi yetu ya kumbukumbu kwenye kompyuta, bure. Mkurugenzi alifurahi, lakini mimi nikausoma mkataba mpaka chini. Nakala zitakuwa mali yao, na atakayetaka kusikiliza, hata sisi, ataomba ruhusa kwao. Nikamwambia hiyo ni kumkaribisha mgeni, kisha kesho ubishe hodi mlangoni pako mwenyewe. Akanijibu kwamba kanda zinaoza na kiburi hakiziponyi. Nikasema mashine tunayo, tutanakili wenyewe moja moja, hata nikiota mvi. Akasema mvi mbona tayari ninazo.

Unajua wale wauguzi wastaafu waliosimulia mgomo wao, mama akiwa mmoja wao, waliahidiwa kuwa sauti zao zitasikilizwa chumbani mwetu tu, mpaka wenyewe waseme vingine. Ahadi hiyo niliiandika kwa mkono wangu juu ya kila sanduku.

Sasa nikuungamie, dada. Sanduku moja nililitoa mwenyewe. Wakala wa kampuni ile aliniahidi nakala kwenye simu siku hiyohiyo, na humo mlikuwa na kanda ya mama. Nilitamani kumsikia mle nyumbani akikohoa kidogo kabla ya kusema, kama alivyozoea. Nikatia sahihi fomu ya kuwapa sanduku lile. Jioni wakanitumia. Mama akakohoa, kisha akamwambia aliyemhoji kwamba anasema tu kwa kuwa ameambiwa maneno yake hayatatoka chumba kile.

Niliifuta nakala ile, machozi yakinitoka.

Asubuhi nikaenda kukaa kwenye benchi la mapokezi yao. Walinibembeleza, wakanitisha, wakaniita mama king'ang'anizi. Alasiri wakanirudishia sanduku. Wakasema nakala yao wameifuta. Nikakataa kuondoka mpaka waliandike hilo na kupiga mhuri. Mkurugenzi nimemweleza yote. Mkataba bado uko mezani kwake, na akiusaini, masanduku atayabeba mwenyewe, mimi nikiwa nimeyakalia.

Njoo umsikilize mama. Utajiandikisha daftarini kama msomaji yeyote, na simu utaniachia mlangoni.

Wabusu watoto kwa niaba yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba