Injini Kubwa au Ndogo

Mjukuu wangu Kemilembe,

Hapa Kibeta hatujambo. Kahawa imeanza kuiva, na mama yako mdogo amejifungua salama.

Unaniuliza ununue gari la injini ndogo au kubwa. Enzi za Mwingereza swali hilo lilimchanganya baba yangu, alipotafuta gari la kutupeleka Muleba kwa wazazi wake. Mfanyabiashara mmoja wa Bukoba alikuwa na mawili yaliyotumika. Baba akajaribu lile la injini ndogo, likapanda mlima vizuri. Fundi mmoja akamwambia, "Chukua hili, halili petroli." Mwingine akasema litamtesa. Akarudi nyumbani hajui amsikilize nani.

Mama akamuuliza, "Baba Koku, ulipopanda mlima, sisi tulikuwa wapi?"

Kesho yake tukapanda sote lile dogo, pamoja na mkungu wa ndizi. Gari likazimika katikati ya mlima, tukashuka kulisukuma.

Akanunua lile kubwa. Petroli ikamshinda, tukawa tunakwenda Muleba Krismasi tu. Kama alichagua vema, mpaka leo sijui. Lakini kila tulipokwenda, tulifika sote tumeketi.

Ni mimi bibi yako,
Koku